Pumzi ya Silinda ya Kwanza

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini hukunilea nianze maneno na mtu mzima bila kumwamkia, na kufa kwako sikukuchukulia kuwa ruhusa.

Leo Jumapili. Nimekaa barazani hapa kwetu Mabawa, na karatasi hii nimeichana katikati ya daftari langu la maandalio ya masomo, kwa hiyo usinigombe. Nina jambo la kukwambia. Nimelibeba miezi kumi, na tangu juzi Ijumaa limenigeukia mikononi likawa jambo jingine, sasa sijui nilishike wapi. Nitaanza na habari za nyumbani, maana wewe ukirudi safari ulitaka kwanza wazima, kisha wagonjwa, kisha ndiyo mambo.

Mama mzima. Eda aliikaa yote, miezi minne na siku kumi, na siku ya kutoka walikuja wanawake wa mtaa mzima. Wajua alifanya nini? Alitoka uani na buibui lake jipya, akalizunguka gari lako mzunguko mzima, akalipiga kofi la boneti, akaliambia, "Na wewe mke mwenzangu, eda yako haijesha tu?" Watu walicheka mpaka Bi Zuhura jirani akashika ukuta. Na mimi nilicheka. Kisha nikaingia bafuni nikafungulia maji nisisikike.

Bi Zuhura naye mzima, na jogoo wake mzima, bado analala juu ya boneti yako na kuichafua. Kufuli la geti tumeweka jipya. Bakari yuko kule kule Horohoro na kazi yake ya kupitisha mizigo ya watu mpakani, huja akipata nafasi. Kaka yangu amekonda, Baba. Ukitajwa wewe huinuka akaenda kunawa mikono, hata kama chakula hakijaletwa.

Mgonjwa ni gari. Halijawaka tangu siku ile.

Siku ya hitma ya arobaini, uani kumejaa majamvi na wazee wa msikitini, mtu mmoja akauliza lile gari la marehemu litafanywaje. Bakari akajibu, na sauti yake haikuwa ndogo: "Gari hili ndilo lililomuua Baba." Nilikuwa namimina kahawa. Niliendelea kumimina. Mimi uliyekuwa ukisema nina ulimi mrefu kuliko kamba ya kisima, mimi niliyemjibu yule bwana aliyekuwa mume wangu mbele ya kadhi mpaka kadhi akavua miwani, siku hiyo sikufungua kinywa. Niliacha gari libebe lawama. Gari halina mdomo wa kujitetea, na aliyefanya lisiwake, kwa nilivyoamini, alikuwa mimi.

Sasa nisikilize.

Unaikumbuka Jumamosi ile, siku moja kabla. Tulikuwa uani tangu alasiri. Ulikuwa umeitoa distributa nzima, kile chombo kinachopeleka cheche kwa zamu kwenye plagi, ili uisafishe ndani na kubadilisha pointi zake, na ikawa imelala juu ya gunia pale karibu na ndoo. Maghribi ikaadhiniwa. Ukanawa mafuta na sabuni ya unga, ukavaa kanzu, na ukiwa umeshika geti ukaniambia, "Usiirudishe mpaka nije. Hiyo kazi ya watu wawili."

Najua ni ya watu wawili. Tumeifanya mara ngapi? Hata kabla sijajua kufunga nati nilikuwa nalisukuma gari hilo uani, gia ya nne, plagi zote nje, taratibu, huku wewe unaenda nalo upande upande kama kaa, kidole gumba kimeziba tundu la silinda ya kwanza. Nasukuma, injini inazunguka, na wewe umenyamaza. Halafu unasema, "Simama. Imenipumulia." Hapo tena ndipo unapoinama kuitazama alama kwenye puli ya mbele, nami nasukuma kwa ncha za vidole mpaka alama ikutane na kile kijipembe cha chuma kwenye injini.

Niliwahi kukuuliza kwa nini usitazame alama tu, ukaacha mambo ya dole. Ukaniambia alama ile hukutana na kijipembe mara mbili kabla kazi ya silinda haijakamilika. Mara ya kwanza silinda imejaa pumzi, yangoja moto. Mara ya pili imekwisha kutoa moshi, haina kitu. Kwa macho zote mbili ni sawasawa. Ukirudisha distributa kwenye ile ya pili, cheche itakuja wakati hapana cha kuwashwa. "Alama yakwambia iko wapi," ulisema. "Ina nini tumboni, hilo kiulize kidole."

Basi sikusubiri. Nilitaka ukirudi kutoka isha ukute kazi imekwisha, unitazame vile ulivyonitazama siku ile nilipofungua kabureta peke yangu nikaifunga bila kubaki hata skrubu moja. Ulikuwa na mwanafunzi mmoja tu, na mwanafunzi huyo alikuwa na miaka thelathini na minne na kichwa kigumu. Nililisukuma gari peke yangu, nikakimbilia mbele, nikatazama, nikarudi nyuma, nikasukuma tena. Alama yetu nyekundu ikasimama kwenye kijipembe sawasawa. Dole sikuweka. Nisingeweza kusukuma na kuziba tundu kwa wakati mmoja, mikono yangu ni miwili. Nikajiambia ndiyo hii. Nikatumbukiza distributa, nikakaza nati yake, nikarudisha plagi na nyaya, nikafunika boneti. Kulijaribu sikulijaribu, maana ufunguo ulikwenda nao mfukoni mwa kanzu.

Uliporudi nilikwambia, "Nimeirudisha." Ukanitazama. Ukasema, "Haya." Tukala mihogo na samaki, na baada ya chakula ukavaa shati lako la kazi ukatoka nje. Nilisikia boneti ikifungwa nikadhani unamfukuza jogoo. Sikuwaza zaidi.

Asubuhi yake sitaki kuiandika lakini bila hiyo barua hii haina maana.

Ulikuwa umetoka kuswali alfajiri, umevaa msuli na fulana, ukaanguka mlangoni mwa jiko. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havikuwa vyako tena. Maneno hayakutoka, ilitoka sauti tu. Mkono wa kushoto ndio pekee uliokutii, na ulikuwa ukiupiga kifuani, paa, paa, hapo juu ya titi la kushoto, na macho yako yananitazama mimi. Mama akapiga magoti akakushika mkono ule, akautuliza juu ya kifua, akawa anakwambia, "Basi, baba Bakari. Basi. Tumejua. Kifua." Na wewe unauchomoa unapiga tena.

Bakari, Mungu alivyopanga, alikuwa amelala nyumbani wikiendi ile. Alikubeba peke yake mpaka kiti cha nyuma. Nikaingia kwenye usukani. Nikapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Nikapiga tena. Bakari akasema, "Acha, niite bajaji." Nikasema, "Subiri, litawaka." Baba, nilisema hivyo mara ngapi sijui. Litawaka. Nilisema mpaka stata ikaanza kuvuta kwa uzito, mpaka betri ikabakiwa na kile kimlio tu. Dakika ishirini nzima, na wewe uko nyuma yangu unapiga kifua. Kwenye kioo nilikuwa nauona mkono wako.

Mwisho Bakari alikimbia barabarani akarudi na bajaji. Hospitalini wakauliza mgonjwa analalamika nini, Bakari akasema kifua, amekuwa akijipiga kifua tangu alipoanguka. Daktari alikutazama mwenyewe akasema ni kiharusi. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umeshatuacha. Daktari alinivuta pembeni akaniambia mshipa uliopasuka ulikuwa mkubwa, hata mngekuja kwa ndege. Nilimshukuru. Sikumwamini hata kidogo. Nilikuwa najua nati gani niliikaza, na kwamba sikuweka dole.

Hayo ndiyo niliyokaa nayo miezi kumi. Nafundisha, nasahihisha madaftari, narudi, napita ubavuni mwa gari nikiangalia chini. Boneti sikuifungua. Bora nisijue kwa macho nilichokuwa nakijua kwa roho. Mama hakuniuliza, na mimi sikumwambia.

Kisha Bakari akapiga simu Jumatatu iliyopita. Kapata mnunuzi, mtu wa upande wa Mombasa anayekusanya magari ya zamani, atakuja naye Jumamosi. Atalivuta kwa kamba na kulipakia huko mbele, liwake lisiwake halimshughulishi. Nikasema sawa. Nikakata simu. Nikakaa kitandani nikaona nini kitatokea: gari litavuka Horohoro na ile distributa niliyoikaza mimi, na sitajua maisha. Nikifa nitakukuta huko uliko, nitakwambia nini? Sikuangalia, Baba, niliogopa?

Ijumaa baada ya watu kutoka msikitini nikamwambia Mama nataka gari liondoke kwa miguu yake, haifai mali ya marehemu kuvutwa kamba kama mbuzi. Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Betri nilikuwa nimeipeleka kuchajiwa tangu Jumatano. Nikatoa plagi zote nne. Nikatia gia ya nne. Halafu nikasimama, kwa sababu kazi ni ya watu wawili na mwenzangu hayupo.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwita. Nilipomwambia nataka aje atie kidole gumba kwenye tundu la injini akaniangalia kama nimepagawa. Lakini aliweka ungo chini akaja, khanga moja kiunoni moja kichwani, akatia dole huku amekunja uso. Nikaanza kusukuma.

"Hapana kitu," akasema. Nikasukuma. "Hapana kitu, mwanangu, mafuta tu." Nikasukuma tena, hatua moja. Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Ee. Amenipumulia huyu."

Nilipofika mbele nilikuta hajalitoa dole. Aliliacha pale. Akaniambia tangu mwaka mliooana ulikuwa ukimwomba aje akushikie, na yeye akikataa, akikujibu hashiki matumbo ya mke mwenza. "Kumbe lilikuwa hili tu," akasema. Akafuta dole kwenye khanga, akasema alasiri imekaribia, akaenda kutawadha.

Nikabaki na gari. Nikasukuma kwa ncha za vidole mpaka alama ikakutana na kijipembe. Alama ile, Baba, bado nyekundu. Unakumbuka uliipaka na nini? Rangi yangu ya kucha. Nilirudi nyumbani kutoka kwa yule bwana na sanduku moja, macho yamevimba, mtaa mzima umejipanga kuniuliza kulikoni. Wewe hukuniuliza. Ulinipa spana namba kumi na tatu, ukaniambia nishike hapa. Kesho yake ukaniomba kichupa cha rangi ya kucha, maana alama ya kiwanda imefutika. Toka hapo ikawa desturi yako, kila nati uliyokwisha kukaza ukaridhika nayo waipitishia mstari mwekundu, ikilegea ujue. Kichupa kilikaa kwenye sanduku lako la vifaa na mimi sikukigusa.

Sasa nikainama kutazama distributa. Kwenye nati yake, nati niliyoikaza mimi peke yangu ile Jumamosi, palikuwa na mstari mwekundu.

Mstari ule sikuuweka mimi. Ulitoka ile jioni baada ya chakula ukaja kuipima kazi yangu. Peke yako ulipimaje, sijui, labda uliweka dole na kusukuma kwa goti, wewe na ujanja wako. Wala sijui uliyokuta. Pengine nilikuwa nimepatia, ukaridhika. Pengine nilikosea kabisa, ukaifungua ukairekebisha, ukarudi ndani kulala bila kunisema. Hili sitalijua, na linaniuma, maana najua wewe ungeweza yote mawili.

Nikafungua kofia ya distributa, ile yenye nyaya, nione ndani inaelekea wapi. Mkato wa kwenye mhimili wake ulikuwa unaelekea sawasawa, silinda ya kwanza. Juu ya mhimili hapakuwa na kitu. Rota inayokaa hapo haipo.

Nilidhani imedondoka. Nikapapasa chini ya injini, nikapapasa mchangani. Kisha nikakaa chini pale pale, kwa sababu nilikumbuka.

Zamani tulipokuwa tumepanga Ngamiani, gari likilala barabarani, ulikuwa kila jioni ukifungua boneti na kuichomoa rota, kidude kile kidogo cheusi kinachogawa moto kwenda kwenye plagi. Bila hicho injini itazunguka mpaka betri ife, haitawaka. "Mwizi mwenye haraka hana subira ya kutafuta," ulikuwa ukisema. Asubuhi unairudisha. Tulipohamia Mabawa kwenye uwanja wenye geti uliacha, nami nikasahau kabisa. Lakini wiki ile kufuli la geti lilikuwa limevunjika, na bodaboda ya mtoto wa Bi Zuhura iliibwa mchana kweupe. Kwa hiyo uliirudia desturi yako ya zamani, na hukumwambia mtu, kwa sababu asubuhi ungeirudisha mwenyewe kama siku zote.

Na mimi ni mwanafunzi gani? Taimingi, yaani wakati wa cheche, ikiwa mbovu injini hulalamika. Hupiga chafya kwenye kabureta, hupiga bunduki kwenye ekzosi, wewe mwenyewe ulinifundisha. Asubuhi ile haikutoa hata kikohozi. Ilizunguka tu, kavu. Ningetulia dakika moja ningejua kuwa moto haufiki. Lakini nilikuwa nimeshajihukumu, na mtu aliyejihukumu hasikii.

Nikanyanyuka nikaenda stoo. Nguo zako, Baba, tuligawa baada ya arobaini. Mama alipekua kila mfuko kwa mkono wake kabla hazijatoka: makanzu, makoti, mashati ya Idi. Zikaenda kwa wazee wa msikitini na kwa nduguzo wa Pangani. Shati la kazi halikugawiwa. Lina mafuta, limetoboka kwapa, na Mama alisema nguo kama ile haitolewi sadaka, ni kumdhalilisha marehemu na mpokeaji. Likabaki kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Miezi kumi nimekuwa naingia stoo kuchukua mkaa, na kila nikifunga mlango shati lile hunigusa bega.

Mfuko wa kifuani, upande wa kushoto. Umefungwa kwa kifungo. Nilikifungua na rota ilikuwa mle.

Hukuwa ukiumwa kifua.

Ulikuwa na mkono mmoja na huna ulimi, umevaa fulana isiyo na mfuko, na ulikuwa unatuonyesha mfuko. Paa, paa. Unanitazama mimi kwa sababu katika nyumba ile mimi ndiye niliyetakiwa kuelewa. Nami nikakupa kisogo nikashika usukani. Mama akakushika mkono akautuliza. Bakari akaenda kumwambia daktari kifua. Sisi watatu tuliokupenda kuliko watu wote tulikuwa tumekuzunguka na hakuna aliyekusikia. Nililia hapo stoo, Baba, shati mdomoni, mpaka nikasikia Mama anatoa salamu ya mwisho ya sala yake kwenye chumba cha pili.

Sasa ndipo panapokuja jambo ninalokuandikia.

Niliitia rota. Nikarudisha plagi, nyaya, betri. Gari lako lilikohoa mara mbili, ya tatu likashika, na jogoo wa Bi Zuhura akaruka ukuta. Mama akatoka na vazi lake la kuswalia, hakulivua. Akasimama mlangoni mwa jiko, pale pale ulipoangukia, anasikiliza. Akaja mpaka dirishani kwangu, akauliza, "Lilikuwa na nini?"

Nilikuwa na jibu, Baba. Lilikuwa zuri, la kweli, lenye kunivua mzigo wote. Si mimi. Ilikuwa mfukoni. Alikuwa anatuonyesha. Neno moja tu na ningekuwa huru, lakini nilimtazama mikono. Mikono ile iliyokutuliza. Nikamwona anaishi miaka aliyobakiwa akikumbuka kila mara ulivyouchomoa mkono wako na yeye akaurudisha. Nikamwona Bakari, na kunawa kwake, akikumbuka alilomwambia daktari.

Nikamwambia, "Taimingi, Mama. Niliiweka mimi Jumamosi ile, sikumsubiri Baba. Niliikosea. Nimeirekebisha leo."

Aliingiza mkono dirishani akanishika shingo. Akasema, "Nilijua una jambo. Nilijua tangu ile asubuhi, ulivyokuwa hulitazami gari. Nimeshakusamehe zamani, nilikuwa nakungoja useme." Kisha akauliza kama tunaweza kwenda nalo mpaka barabarani na kurudi, na tukaenda, yeye na vazi lake la sala.

Bakari hakunisamehe. Jana alikuja na mnunuzi wake, akakuta gari linanguruma, Mama amekaa mbele anasema mke mwenzake haendi Mombasa na habari imekwisha. Nikamvuta kaka yangu pembeni nikamwambia kama nilivyomwambia Mama. Aliniangalia sana. Akasema, "Miezi kumi. Unanisikia nalilaumu gari, unanimiminia kahawa." Akaondoka na mgeni wake, hakula, na simu yangu hapokei mpaka sasa ninapoandika. Sawa. Afadhali anichukie mimi. Nimeona aliposema maneno yale alinikazia macho, hakwenda kunawa.

Mungu anisamehe uongo huo. Nusu yake ni kweli, nawe wajua. Sikukusubiri, na ile "litawaka" niliisema mimi, dakika ishirini, wakati Bakari alitaka bajaji tangu mwanzo. Hiyo ni yangu na nitaijibu. Iliyobaki nimeibeba kwa hiari, kama wewe ulivyotoka jioni ile na rangi ya kucha ukapitisha mstari kwenye kazi yangu bila kuniambia ulichokikuta.

Nilihitaji mtu mmoja aujue ukweli. Ndiyo maana nimekuandikia. Karatasi hii nitaikunja, Ijumaa ijayo tutakwenda na gari mpaka Pangani, Mama amesema anataka kukusomea Yasini pale pale ulipolala. Akimaliza na kwenda kuwaamkia ndugu zako nitaifukia karibu na kichwa chako, kina kidogo, chini ya mchanga.

Nimekuelewa, Baba. Nimechelewa lakini nimekuelewa.

Na ahadi yangu ni hii. Shati lako halitoki kwenye msumari. Na rota haitatoka tena kwenye gari hili nikiwa hai. Kufuli likivunjika nitanunua jingine, na mwizi akilitaka sana na aje alichukue, atamkuta Mama. Lakini akianguka mtu wa nyumba hii, saa yoyote ile, litawaka.

Mwanao na mwanafunzi wako,
Mwanakombo